Karatasi ya Usiku wa Hershey

Ijumaa ya tarehe 2 Machi 1962, Philadelphia Warriors na New York Knicks walikutana Hershey, mji wa kiwanda cha chokoleti katika jimbo la Pennsylvania. Warriors walikuwa wakipeleka mechi chache za nyumbani huko ili kutafuta watazamaji wapya. Waliofika ni watu 4,124. Kamera ya televisheni haikuwepo, na magazeti ya New York hayakuona haja ya kutuma waandishi. Kwa hiyo mchezo mkubwa kuliko yote katika mpira wa kikapu hauna filamu. Tumebaki na sauti ya robo ya mwisho iliyorekodiwa redioni, picha chache, na karatasi ya takwimu.

Karatasi hiyo iliandaliwa na Harvey Pollack, mtunza takwimu wa Warriors, ambaye usiku ule alibeba pia kazi ya kutuma habari kwa gazeti la Philadelphia Inquirer na kwa mashirika mawili ya habari. Watu wengi husoma mstari mmoja tu: Wilt Chamberlain wa Warriors, dakika 48, vikapu 36 kati ya majaribio 63, mitupo ya adhabu 28 kati ya 32, ribaundi 25, asisti 2, pointi 100. Huo ni mstari wa ajabu, lakini ukiusoma peke yake unajua kilichotokea bila kujua kilitokeaje. Jibu limo katika mistari ya wenzake na ya wapinzani wake.

Tuanze na mitupo ya adhabu, kwa sababu hapo ndipo ajabu ilipo. Chamberlain, mtu wa mita 2.16, alikuwa akiteseka kwenye mstari wa adhabu maisha yake yote ya uchezaji. Kwa wastani aliingiza karibu nusu tu. Msimu ule alikuwa akirusha mpira kwa mikono miwili kutoka chini, na hali yake ikawa bora kidogo. Hershey, katika robo ya kwanza, alirusha mara 9 na zote 9 zikaingia. Robo hiyo aliimaliza na pointi 23. Hadi mapumziko alikuwa na 41, na hilo halikumshtua mtu, maana mwezi Desemba alikwisha kufunga 78 dhidi ya Lakers, mchezo ulipoongezwa muda mara tatu, na msimu mzima aliumaliza kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo.

Sasa tugeukie upande wa Knicks. Senta wao Phil Jordon hakucheza. Kazi ya kumkaba Chamberlain ikamwangukia Darrall Imhoff, na mstari wake unatia huruma: dakika 20, pointi 7, faulo 6, kisha benchi. Cleveland Buckner, aliyechukua sehemu ya mzigo huo, alikuwa mwembamba mno kwa kazi ya namna ile, ingawa mwenyewe alifunga 33. Richie Guerin alifunga 39 na Willie Naulls 31. Watu watatu wa timu iliyoshindwa wakivuka 30, ujue mchezo ulikuwa wa kukimbizana, wa ulinzi uliolegea na mikono myepesi. Matokeo yalikuwa 169 kwa 147.

Mstari ninaoupenda kuliko yote ni wa Guy Rodgers, gadi aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Warriors. Kikapu alifunga 1 tu, akiwa amejaribu mara 4. Asisti zake ni 20. Lakini alienda kwenye mstari wa adhabu mara 12. Mtu aliyejaribu kufunga mara 4 anapataje mitupo 12? Hapo ndipo robo ya mwisho inapofunguka. Chamberlain aliingia robo hiyo akiwa na pointi 69, na mtangazaji wa uwanjani, Dave Zinkoff, alikuwa akiwatajia watu hesabu yake kila alipofunga. Knicks, kwa aibu ya kuandikwa katika historia kwa namna hiyo, wakaanza kuwachezea faulo wachezaji wengine wa Warriors kabla mpira haujamfikia. Wakauchelewesha mpira pia walipokuwa nao. Kocha wa Warriors, Frank McGuire, naye akaingiza wachezaji wa akiba wawafanyie Knicks faulo, ili mpira urudi haraka. Dakika za mwisho hazikuwa tena mpira wa kikapu mzuri, na sioni sababu ya kulificha hilo. Zilikuwa vita vya heshima ya pande mbili.

Kuna mambo ambayo karatasi haikuweza kuyashika. Ligi ilikuwa haijaanza kuhesabu mitupo iliyozuiwa wala mipira iliyoporwa. Hesabu hizo zilikuja msimu wa 1973–74. Chamberlain alizuia mitupo mingapi usiku ule? Wakati wake haukuliuliza swali hilo, na idadi hiyo imepotea.

Zikiwa zimebaki sekunde 46, Joe Ruklick, senta wa akiba, alimrushia mpira wa juu Chamberlain aliyekuwa karibu na kikapu, naye akaufunga. Watazamaji wakamiminika uwanjani. Baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, Pollack alichukua kipande cha karatasi, akaandika 100, akampa Chamberlain akishike, na mpigapicha Paul Vathis, aliyekuwa amekuja na mwanawe kutazama tu, akapiga picha.

Al Attles alijaribu vikapu 8 na vyote vikaingia. Pointi zake 17 zilimweka wa pili katika timu. Ruklick hakupata hata pointi moja. Mstari wake una asisti 1.