Ushuhuda wa Waliotumikiwa

Katika kata ya Ntobeye, wilayani Ngara, kama katika kata nyingine za mkoa wa Kagera, mwanafunzi wa sekondari hurudi nyumbani mwisho wa muhula na ripoti ambayo mzazi huisoma kwa kuanzia alama za hisabati na Kiingereza, kisha nafasi ambayo mtoto ameshika darasani, na mara nyingi huishia hapo. Lakini chini ya alama hizo ipo sehemu nyingine, yenye safu zake na herufi zake, ambamo mwalimu wa darasa hutakiwa kumpima mtoto kwa bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, uongozi, utii, usafi na uaminifu. Sehemu hiyo isiyosomwa ni masalio ya jaribio kubwa kuliko yote ambayo taifa letu limepata kufanya la kumtukuza kijana wa shule kwa utumishi wake kwa umma, si kwa elimu yake peke yake. Na maadamu habari zake zimeanza kusahauliwa, nimeona ni wajibu kuzisimulia.

Desturi ya kumpima mtu kwa utumishi ni kongwe kuliko shule. Wahangaza wa Ngara husema lugha iliyo ndugu wa Kirundi, na ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, tangu zama za wafalme, mtu hakuwa mshingantahe, yaani mwamuzi na mshauri wa kilima chake, kwa kuteuliwa na mkubwa, bali majirani walimwangalia miaka mingi, wakamjaribu katika mashauri madogo, wakauchunguza ukweli wake, na hatimaye wakamsimika hadharani, kwa kiapo na fimbo, mbele ya watu wale wale ambao angewaamulia ugomvi wao. Nataka msomaji ashike jambo hili moja: waliompa heshima ndio waliomjua.

Shule za kikoloni zilileta heshima ya namna nyingine. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyokusudiwa hapo mwanzo kwa watoto wa machifu, ilimtukuza kijana kwa kumfanya kiranja, na kiranja alipewa mamlaka juu ya wenzake baghairi ya kudaiwa lolote na kijiji alichotoka. Kijana wa Ngara aliyejaliwa kupata sekondari alikwenda mbali, Bukoba au Tabora, na kila darasa alilopanda lilimtenga na jembe la mamaye.

Uhuru haukuuondoa utengano huo mara moja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwapeleka Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi, na bango moja likathubutu kusema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwafukuza kwa mamia, akaupunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20; na Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, akatoa Elimu ya Kujitegemea, ambamo aliukosoa mtihani kwa kuwa hupima kumbukumbu na kuacha moyo, akataka kazi ambayo mwanafunzi ameifanyia shule na jamii yake iingie katika hesabu.

Matunda ya fikra hiyo yalionekana vizuri zaidi gizani, kwenye taa ya chemli. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambalo ndilo lililokuwa jina la Kagera hadi 1979, ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Ziwa Viktoria iliyochaguliwa mwaka 1968 kwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, ambamo watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, mambo ambayo mikono yao iliyajua kabla ya macho. Mwalimu wa kujitolea alipewa shilingi 30 kwa mwezi, na wanafunzi wa shule nao wakaitwa kusaidia. Mtoto aliyezoea kuinama mbele ya mzee akajikuta ameushika mkono wa mzee huyo kuuongoza juu ya ubao, akianza na shikamoo na kuendelea kwa staha, "Babu, hebu rudia tena." Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika, jaribio la taifa la Agosti 1975 likawakuta 39. Sijui heshima iliyo kubwa kwa kijana kuliko ile ya mzee wa jirani kutia saini yake kwa mara ya kwanza mbele yake, na hiyo haikuhitaji nishani.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma, ikaamua kwamba amalizaye kidato cha 6 asiingie chuo kikuu moja kwa moja: atumikie Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha mwajiri wake na tawi la chama waandike kama anastahili. Aidha, kuanzia 1976 mtihani wa mwisho ukabakiwa na nusu ya alama, nusu nyingine ikatoka katika maendeleo ya mwanafunzi tangu mwanzo, na tabia yake pia ikapimwa. Naiona nia hiyo kuwa ya uadilifu kabisa, ila ilikosea mlango. Wasichana ndio walioumia kwanza, kwani miaka ya kusubiri ilikuwa miaka ya ndoa na uzazi, idadi yao chuoni ikapungua, na haukupita muda mrefu serikali ikawaruhusu kuingia moja kwa moja. Tena barua ya tawi iliandikwa na kiongozi, si na waliotumikiwa, na kiongozi huvutiwa haraka na kijana mtiifu kuliko kijana mkweli. Katika miaka ya 1980 sharti lile likaachwa. Utumishi wa wahitimu wa kidato cha 6 katika Jeshi la Kujenga Taifa ulisimamishwa 1994, ukarudishwa 2013.

Mwaka huo huo wa 1994 Ngara ilipata mtihani wake yenyewe. Tarehe 28 Aprili Wanyarwanda wapatao robo milioni walianza kulivuka daraja la Rusumo, wakaingia kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa ghafla moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani, katika wilaya ambayo wageni waliwazidi wenyeji. Kijana yeyote wa shule aliyempokea mzigo mama mgeni, au akamwonyesha penye maji, hakuwa na safu ya kuandikiwa jambo hilo, ilhali mama yule angelishuhudia.

Tangu 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza kuzisambaza shule za kata, kijana wa vijijini Ngara aweza kusoma sekondari huku akilala kwa wazazi wake, na majirani wakamwona asubuhi na jioni. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 nayo imevipa vijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote. Nawasihi wakuu wa shule za Ntobeye na kata jirani wawaombe wenyeviti wa vijiji nafasi katika mkutano huo mara moja kwa mwaka, wazee na kina mama waulizwe ni mwanafunzi gani amewafaa na kwa jambo gani, na aliyetajwa asimame aonekane. Jambo hili halihitaji bajeti wala waraka kutoka Dodoma; linahitaji nusu saa na mwenyekiti aliye tayari.