Hati na Mpaka

Mji waweza kumiliki ardhi usiyoitawala, kwani hati ni jambo moja na mpaka ni jambo jingine. Tofauti hiyo yaonekana wazi katika historia ya Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado nchini Marekani.

Mwaka 1912 wapiga kura wa Denver walikubali mji ununue bustani milimani, nje ya mipaka yake. Bustani ya Red Rocks, ambayo ukumbi wake wa wazi ulifunguliwa mwaka 1941, ni mali ya Denver hata leo, nayo imo katika kaunti ya Jefferson. Huko hati ilitosha.

Kiwanja cha ndege ni jambo zito zaidi, maana mwenye mpaka ndiye atozaye kodi na kuweka sheria. Lakini majirani walikwisha choka kumegewa ardhi, na wengine waliogopa amri ya mahakama ya kuchanganya watoto wa rangi zote katika shule za Denver. Hivyo mwaka 1974 katiba ya jimbo ilibadilishwa: Denver isitwae ardhi pasipo ridhaa ya wapiga kura wa kaunti inayomegwa.

Basi ilipohitaji kiwanja kipya, ilibidi Denver iombe. Mwaka 1988 watu wa kaunti ya Adams walikubali kwa kura, baada ya mapatano yaliyowekea kelele za ndege kikomo. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1995. Mwaka 2018 Adams ilikwenda mahakamani, ikidai kuwa kikomo kimevukwa.

Hati hupatikana kwa fedha. Mpaka ulipatikana kwa ridhaa, na ridhaa hudai kutunzwa hata baada ya kura kuhesabiwa.