Gitaa la Mapajani la Kwaya Yetu

Katika picha za kwaya mtamwona mwenzetu ameketi, gitaa amelilaza mapajani kama anayechagua mchele wa Mwea. Gitaa hilo lilitengenezwa hapa Kianyaga na mzee wetu seremala. Kwa kuwa majuzi lilitolewa pendekezo la "kulirekebisha", tumeona historia yake iandikwe kabla bisibisi haijafika.

Mtindo wenyewe ulianza Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Anayetajwa zaidi ni Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, ambaye mwaka 1904 alihamia Marekani bara na kuusambaza. Ukaingia katika muziki wa kantri, na santuri zikauleta Kenya. Nyimbo za Jimmie Rodgers, aliyefariki 1933, zilivuma hata kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wimbo unaomtaja kwa jina la "Chemirocha". Huku kwetu mlimani wazee walimpenda zaidi Jim Reeves.

Mzee wetu aliisikia redioni ile sauti ya kuteleza. Alipojua inavyopatikana, alichukua ubao wa muringa, mti uleule wa kuchongea mizinga ya nyuki. Shingo aliiacha ya mraba, nene, kwa sababu hakuna mkono unaoizunguka. Nyuzi zote sita ni za chuma, nazo zimeinuliwa karibu sentimita moja. Hapo ndipo vijana walipoona kasoro, wakataka zishushwe. Lakini katika gitaa hili vidole havikandamizi nyuzi. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma kilicholainishwa na kukiburuta juu yake. Nyuzi zikishushwa, chuma kitagonga ubao na sauti itaharibika.

Vilevile halina vyuma vya kugawa shingo. Lina mistari ya rangi tu, na mzee aliipata bila kitabu. Urefu wa uzi ni sentimita 60: nusu yake, 30, ndiyo do ya juu. Theluthi, 20, ndiyo so. Robo, 15, ndiyo fa. Nyuzi zenyewe zimefungwa do-mi-so, do-mi-so. Hivyo chuma kikilazwa wima kwenye mstari wa 15 tunapata fa-la-do, na kwenye 20 so-ti-re. Tenzi nyingi tunazoimba hazihitaji zaidi ya hayo! Zile za huzuni ndizo husumbua, maana mpigaji hulazimika kuchagua nyuzi mbili tu na kuziacha nyingine.

Kanisani halikupokewa kwa urahisi. Baadhi ya wazee waliona gitaa ni la baa. Kilicholiokoa, kwa maoni yetu, ni sauti inayopanda na kushuka polepole kama ya binadamu; alto waliimba nalo vizuri kuliko walivyoimba na kinanda, nasi tungali tunaamini hivyo hata baada ya kununua kinanda kipya.

Mikono ya mzee sasa hutetemeka. Wanakwaya wawili wanajifunza kwake kila Jumamosi baada ya mazoezi, na siku ya Jubilei watapiga wakati wa sadaka. Nyuzi mpya zimefungwa, kwa urefu uleule wa zamani. Kile kipande cha chuma kiko kwenye droo ya katibu. Tafadhali kisitumiwe tena kuzuia mlango wa vestri.