Hobbiton (seti ya filamu)

Hobbiton ni seti ya filamu iliyogeuka kuwa kivutio cha utalii nchini Nyuzilandi. Iko ndani ya shamba la mifugo karibu na mji mdogo wa Matamata, mkoa wa Waikato, katika Kisiwa cha Kaskazini, takriban kilomita 160 kutoka jiji la Auckland. Ilijengwa kwa ajili ya filamu tatu za The Lord of the Rings (2001–2003), kisha ikajengwa upya kwa ajili ya filamu tatu za The Hobbit (2012–2014). Zote ziliongozwa na Peter Jackson, ambaye ni mzaliwa wa Nyuzilandi.

Kwa kawaida seti ya filamu hujengwa kwa vifaa hafifu na kubomolewa kazi inapokwisha. Hobbiton nayo ilikusudiwa kubomolewa. Kubaki kwake kulitokana na hali mbaya ya hewa na wapenzi wa filamu waliokuja kuitafuta.

## Asili ya jina

Hobbiton ni jina la kijiji katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1892 huko Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo. Kitabu cha The Hobbit kilitolewa mwaka 1937, na The Lord of the Rings kikafuata kwa sehemu tatu miaka 1954–1955.

Mahobiti ni viumbe wa kubuniwa wanaofanana na watu lakini ni wafupi. Wanapenda kilimo na chakula kizuri, na huishi katika nyumba zilizochimbwa ndani ya vilima, zenye milango ya duara. Nchi yao, iitwayo Shire, Tolkien aliichora kwa kufuata maeneo ya mashambani ya Uingereza.

## Kuchaguliwa kwa shamba

Mwaka 1998 watu wa kampuni ya filamu walizunguka angani kwa ndege wakitafuta mahali panapofanana na Shire. Waliliona shamba la familia ya Alexander, lenye ukubwa wa takriban hektari 500 na linalofuga kondoo na ng'ombe wa nyama. Lilikuwa na vilima vya kijani, bwawa, na msonobari mkubwa uliosimama peke yake karibu na maji. Zaidi ya hayo, kutoka pale hapakuonekana nguzo za umeme, barabara wala majengo ya kisasa.

## Ujenzi wa kwanza

Ujenzi ulianza Machi 1999 na ulichukua miezi tisa. Jeshi la Nyuzilandi lilisaidia kwa mashine nzito na kutengeneza barabara ya kilomita 1.5 ya kuingilia shambani. Nyumba 39 za mahobiti zilijengwa kwa mbao, plaiwudi na polistireni. Nyumba hizo zilikuwa na sura ya mbele tu. Matukio ya ndani yalipigwa katika studio mjini Wellington.

Mti wa mwaloni unaoonekana juu ya nyumba ya Bilbo Baggins, iitwayo Bag End, ulikatwa mahali pengine karibu na Matamata. Ulisafirishwa vipande vipande, ukaunganishwa upya juu ya kilima na kuvikwa majani ya bandia. Hata kondoo walibadilishwa: badala ya kondoo wa shamba lenyewe, waliletwa wa aina ya Suffolk wenye nyuso nyeusi, kwa kuwa walionekana kufanana zaidi na kondoo wa Uingereza ya zamani.

Milango haikuwa na kipimo kimoja. Mwigizaji wa mchawi Gandalf alipaswa kuonekana mrefu, hivyo alisimamishwa kwenye milango midogo. Waigizaji wa mahobiti walipaswa kuonekana wafupi, hivyo walitumia milango mikubwa zaidi.

## Kubomolewa na kuokoka

Upigaji wa picha ulianza Desemba 1999 na kuchukua takriban miezi mitatu. Baada ya hapo kazi ya kubomoa ilianza, lakini ilisimamishwa kutokana na hali mbaya ya hewa. Wakati huo zilikuwa zimebaki nyumba 17, ambazo zilikuwa kuta nyeupe za plaiwudi tu, bila rangi, bustani wala mapambo.

Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 2001, watu walianza kuulizia mahali hapo. Ziara za kuongozwa zilianza mwaka 2002. Wageni walionyeshwa vilima, bwawa, msonobari na matundu yaliyobaki, na mengine walijazia wenyewe kwa kukumbuka filamu.

## Ujenzi wa pili

Mwaka 2009 Jackson alirudi kujiandaa kwa filamu za The Hobbit. Safari hii seti ilijengwa kwa vifaa vya kudumu ili ibaki baada ya kazi. Ujenzi ulichukua miaka miwili na kufikisha nyumba 44, pamoja na kinu, daraja la matao mawili na baa ya Green Dragon. Mwaloni wa Bag End ulitengenezwa upya, safari hii ukiwa wa bandia wote. Baada ya maandalizi hayo yote, picha za hapo zilipigwa kwa siku 12 tu, Oktoba 2011.

## Utalii

Wageni huingia kwa ziara ya kuongozwa tu. Husafirishwa kwa basi kutoka kituo cha mapokezi, hutembea kati ya bustani na nyumba hadi Bag End, kisha humalizia Green Dragon, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 2012. Mboga na maua yanayoonekana bustanini ni ya kweli na hutunzwa na watunza bustani.

Kwa miaka mingi wageni waliofungua mlango wa duara walikuta nafasi ndogo tu isiyo na kitu. Desemba 2023 zilifunguliwa nyumba mbili za Bagshot Row zenye vyumba kamili, ambamo wageni huweza kuingia, kukaa na kushika vyombo.

Mwaka 2020 Nyuzilandi ilifunga mipaka yake kwa sababu ya UVIKO-19, na watalii wa kigeni hawakuanza kurudi hadi mwaka 2022. Katika kipindi hicho kivutio kilitegemea wageni wa ndani ya nchi. Shamba lenyewe linaendelea kufuga mifugo.

## Maeneo mengine ya filamu hizo

Si kila eneo la filamu hizi lilibaki kama Hobbiton. Huko Mount Sunday, mkoa wa Canterbury katika Kisiwa cha Kusini, ulijengwa mji wa Edoras, kisha ukaondolewa wote. Anayepanda kilima hicho leo hukuta nyasi, upepo na milima.

Mlima Ngauruhoe katika Hifadhi ya Taifa ya Tongariro ulitumika kama sura ya Mount Doom, ingawa baadhi ya matukio yalipigwa kwenye miteremko ya jirani yake, Mlima Ruapehu. Kwa Wamaori wa kabila la Ngāti Tūwharetoa vilele hivyo ni vitakatifu. Mwaka 1887 chifu wao Te Heuheu Tukino IV ndiye aliyevikabidhi kwa taifa ili vilindwe. Baada ya filamu, wageni wengi walitaka kufika kileleni. Kwa kuheshimu imani ya wenyeji, idara ya hifadhi iliondoa alama za njia ya kupanda Ngauruhoe na huwaomba wageni wasipande hadi juu. Njia ya Tongariro Alpine Crossing, yenye urefu wa takriban kilomita 19, hupita chini ya mlima huo, na kutoka hapo mlima huonekana vizuri.