Mwenye Hisa na Mwenye Kauli

Vitabu vya mwanzo vya biashara hufundisha kwamba kampuni ni mali ya wenye hisa. Historia inatutaka tuulize zaidi: mali ya nani, na kauli ya nani?

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Standard Oil, himaya ya mafuta ya Rockefeller, ivunjwe. Kimojawapo cha vipande vyake kilikuwa Northern Pipeline, kampuni ndogo ya kusafirisha mafuta kwa mabomba. Mwaka 1926 mwekezaji kijana wa New York, Benjamin Graham, alikwenda Washington kupekua taarifa ambazo kampuni za aina hiyo zililazimika kuziwasilisha kwa tume ya serikali. Hazikuwa siri, hapakuwa na mtu wa kuzisoma tu. Alikuta kampuni hiyo imelimbikiza hatifungani za reli na mali nyinginezo zenye thamani ya takriban dola 95 kwa kila hisa, ilhali hisa yenyewe ikiuzwa dola 65.

Alinunua hisa, kisha akawaendea wakuu wa kampuni na kuwataka wawarudishie wenyewe fedha iliyolala. Wakamjibu kwamba biashara ya mabomba ina mambo yake, wao ndio waijuao, na asiyeridhika auze hisa zake aende zake. (Watumishi wa umma wanaosoma hapa huenda wamewahi kulisikia jibu la ukoo huo.) Mwaka 1927 alifunga safari hadi Oil City, Pennsylvania, kuhudhuria mkutano mkuu. Alipoomba kusoma waraka wake, mwenyekiti aliuliza ni nani anayeunga mkono hoja. Ukumbi ukanyamaza, mkutano ukafungwa.

Safari iliyofuata alijiandaa. Aliwatafuta wenye hisa mmoja mmoja, akakusanya idhini za kupiga kura kwa niaba yao. Wakfu wa Rockefeller, uliomiliki asilimia 23, ulikuwa umemwambia kwamba hauingilii uendeshaji wa kampuni. Hata hivyo, mwaka 1928 alitwaa viti viwili kati ya vitano vya bodi, na haukupita muda kampuni ikagawa dola 70 kwa kila hisa.

Mwaka 1932 Adolf Berle na Gardiner Means walieleza kwa upana kile Graham alichokiona Oil City: umiliki ukitawanyika mno, madaraka huwabakia mameneja.

Mwaka 2021 mfuko mdogo uitwao Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa, uliingiza wakurugenzi watatu katika bodi ya ExxonMobil, ambayo nayo ni kizazi cha Standard Oil. Wengi waliushangilia ujasiri huo. Mimi naona haja ya kutazama kura zilitoka wapi: mifuko ya pensheni, ukiwemo wa walimu wa California, pamoja na majabali kama BlackRock na Vanguard, yaliyopiga kura kwa fedha za watu wengine. Mwalimu ambaye akiba yake iliamua mustakabali wa bodi ile hakuulizwa neno.

Mapema mwaka 2024 ExxonMobil iliwashtaki mahakamani wenye hisa wawili wadogo waliotaka hoja yao kuhusu hewa ukaa ipigiwe kura. Wakaiondoa hoja, kampuni ikaendelea na kesi.