Ukuta Mfupi wa Mawe: Tuta la Maua katika Nyua za Jinja na Mbale

Katika mitaa ya zamani ya Jinja iliyo karibu na ziwa, na huko Mbale katika eneo ambalo bado huitwa Senior Quarters, nyua nyingi zina tuta la maua lililoinuliwa kwa ukuta wa mawe usiofika magotini. Wengi hulihesabu tuta hilo kuwa urithi wa Mwingereza: afisa alikuja na kumbukumbu za bustani ya kwao, akaagiza ajengewe. Kuna ukweli hapo, ila ni ukweli wa maua peke yake. Ukuta una asili nyingine, na nashikilia kwamba ukuta ndio ulioliwezesha tuta kudumu kuliko wenyewe waliolijenga.

Alichokileta Mwingereza kinajulikana. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898, na mimea mingi ya kigeni ilijaribiwa humo kabla ya kusambazwa. Kanuni za afya za miji nazo ziliandama mahindi na mimea mingine mirefu karibu na nyumba kwa hofu ya mbu, hivyo ua wa mjini ukawa wa kutazamwa badala ya kulimwa. Wenyeji walikuwa na utaratibu wao. Semei Kakungulu, aliyeuanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, alipanda miti kando ya barabara zake; na katika Buganda na Busoga mpaka wa shamba ulionyeshwa kwa mmea hai, kama isale kwa Wachaga. Aliyetaka kuonyesha pake panapoishia alipanda, hakujenga.

Basi nani alipanga mawe? Reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 iliwaleta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka Punjab, na waliobaki, pamoja na waliowafuata, wakawa waashi na maseremala wa miji ya bara. Reli ilipofika Jinja mwaka 1928, mji huo ulikuwa na wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliojenga maduka na nyumba kwa mtindo wao. Katika nyumba za Kihindu, iwe Gujarat au ng'ambo, mrehani mtakatifu huoteshwa uani juu ya jukwaa dogo la mawe au matofali, ili usikanyagwe na upate heshima yake. Sidai kwamba kila tuta la Jinja limetokana na jukwaa hilo. Ninachosema ni kwamba mwashi wa Kihindi hakuhitaji kufundishwa na afisa yeyote jinsi ya kuinua mmea juu ya ardhi. Mawe hayakuwa ya kutafuta mbali: Mbale imelala chini ya ukingo wa Wanale, sehemu ya volkeno ya Elgon iliyozimika zamani sana. Miaka ya 1950 kiwanda cha Tororo kikaanza kutoa saruji, na kazi ikawa rahisi zaidi.

Sababu kuu ya ukuta huo, hata hivyo, ni mvua. Miji yote miwili hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikishuka kwa kishindo cha alasiri. Udongo mwekundu ulio wazi hurukia kuta na kuzipaka hadi madirishani, kisha husombwa. Ukuta mfupi huuzuia, na mwashi mzuri huacha matundu chini ili maji yatoke taratibu. Wapo wanaopinga kwamba tuta likiegemezwa kwenye nyumba huleta unyevu na mchwa. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana tuta linalofaa huachiwa nafasi ya kupitisha maji kati yake na msingi. Kasoro hiyo ni ya ujenzi wa haraka, wala haitoshi kulikataa tuta lenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatokana na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia na nyumba zao zikakabidhiwa wengine. Miaka ya uhaba ikafuata, watu wa mijini wakalima popote palipolimika, na aliyekuta tuta tupu alikuwa na sababu ya kupanda mchicha au sukuma wiki. Wapo wanaouita huo uharibifu wa bustani. Lakini kama tuta lingekuwa pambo tu, lingekufa pamoja na waridi wake. Mboga zilihitaji udongo uleule usiosombwa. Tuta lina mipaka yake: mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuua watu, yalitoka mlimani, na hakuna tuta la uani ambalo lingeyazuia. Maji yanayoanzia uani ni jambo jingine. Siku hizi nyua nyingi hufunikwa zote kwa matofali ya saruji, na mvua inayoangukia hapo hukimbilia barabarani mara moja, kwenye mitaro ambayo tayari imejaa.