MARADHI YA AKILI NA WALE WANAOUGUZA

Taarifa ya chama chetu kwa desturi huwaeleza wanachama fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na majina ya ndugu waliofariki. Mwaka huu tumeona vema kuongeza kurasa chache juu ya jambo lililo katika nyumba zetu nyingi, lakini halitajwi mkutanoni: maradhi ya akili, na kazi ya wale wanaoyauguza. Tutaeleza kwanza historia yake, kisha tutatoa ombi letu kwa wazee.

Neno wazimu lina undugu na neno mzimu. Wahenga waliposema fulani ana wazimu, walidhani ya kuwa jambo hilo limetoka kwa waliotangulia. Huko Pwani mtu aliyepagawa na pepo aliitwa kiti, maana pepo amekaa juu yake. Alipopungwa hakuachwa peke yake: jamaa walikusanyika, ngoma zilipigwa, chakula kilipikwa, na gharama ilichukuliwa na ukoo. Hatusemi kwamba matibabu hayo yalimponya kila mtu, wala hatupendi kuisifu zamani kupita kiasi. Walikuwapo waliofungwa kamba au kutiwa mkatale, na akina mama waliosingiziwa kwamba ugonjwa wa mtoto ni malipo ya dhambi zao. Hata hivyo wahenga hao hao walituachia onyo la kutosha: Hujafa hujaumbika, na tena, Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia, mwenye wazimu aliyeonekana kuwa hatari alipelekwa gerezani pamoja na wezi. Mwaka 1910 majengo ya Nairobi yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui yalifanywa nyumba ya wenda wazimu. Mwaka 1924 nyumba hiyo ilipewa jina la Hospitali ya Maradhi ya Akili ya Mathari, na tangu 1964 ikaitwa Hospitali ya Mathari. Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali, kila watu kwa daraja lao. Kazi kubwa ya mahali hapo katika miaka ya kwanza ilikuwa kulinda. Kuponya kulikuja nyuma. Mgonjwa alipoingia lango lile, jamaa yake alibaki nje, na mara nyingi kwao kulikuwa mbali, safari ya siku nyingi.

Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Alihesabu Waafrika waliopokewa hospitalini, akaona ni wachache mno wakilinganishwa na wagonjwa wa Ulaya, akatunga maelezo marefu juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya ilichapisha andiko lake jingine juu ya Mau Mau, ambalo lilitafuta chanzo cha vita katika nafsi za watu zaidi kuliko katika mashamba waliyonyang'anywa.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu kosa la hesabu ile linatuhusu sisi. Waliohesabiwa ni wale waliofika Mathari, na waliofika ni wale walioletwa na askari au na mahakama, au wale ambao jamaa zao walishindwa kabisa. Mgonjwa aliyekaa jikoni kwa mama yake, akilishwa, akiogeshwa, akizuiwa asitoke usiku, hakuandikwa katika daftari lolote. Mama yake naye hakuandikwa. Hivyo kazi ya maelfu ya wanawake ilikosa kuonekana, na pengo lile katika daftari likafanywa ushahidi juu ya ubongo wetu.

Jibu lilitoka Nigeria. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo, Myoruba aliyesoma udaktari Uingereza, alianza mpango mpya huko Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote ndani, aliwapangisha katika vijiji vya jirani. Mgonjwa alikuja na mtu wa kwao, mama au ndugu, akatibiwa hospitalini mchana, jioni akarudi kula na kulala miongoni mwa wanakijiji. Mwuguzaji aliyebaki nje ya lango la Mathari, huko Aro alihesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Dk. Lambo baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile lile la Afya Duniani.

Hapa kwetu sheria imekwenda polepole. Sheria ya 1949 ilidumu mpaka ilipoondolewa na Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na Dk. Frank Njenga kiliishauri Serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, nazo kaunti zikapewa wajibu wa huduma hizi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Haya yote ni mema, lakini sheria haikeshi na mgonjwa.

Anayekesha ni nani? Tukitazama katika nyumba zetu, ni mama mzee, au mke, au binti aliyeachishwa shule ili amwangalie kaka yake. Huyo haendi harusini wala matangani, kwa kuwa hana wa kumwachia mgonjwa. Dawa ikiisha, yeye ndiye hupigwa. Dawa ikipatikana, yeye ndiye hutafuta nauli. Akimfunga mgonjwa kamba, majirani humwita mkatili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kushika zamu usiku mmoja tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Vyama kama hiki chetu vilianzishwa mijini enzi za ukoloni na watu waliokuwa mbali na kwao, ili mgonjwa apate wa kumtazama na maiti apate wa kumzika. Aliyevunjika mguu tunamwendea na bahasha. Aliyevunjika akili tunapita mbali na mlango wake, na akifa tunachanga upesi kwa ajili ya jeneza. Bila shaka waasisi hawakukusudia kwamba mtu angoje kufa ndipo chama kimjue.

Kwa hiyo tunawaomba wazee na wanachama wakubali mambo matatu. Kwanza, maradhi ya akili yahesabiwe miongoni mwa maradhi yanayostahili msaada wa mfuko, pamoja na nauli ya kwenda kliniki. Pili, kamati ya kuwatembelea wagonjwa imtembelee na mwuguzaji, nayo ipange zamu ili apate walau siku moja ya kupumzika kila mwezi. Tatu, jina la matusi lisitamkwe mkutanoni juu ya mgonjwa yeyote wala juu ya nyumba yake.

Fedha za jambo hili si nyingi. Mhasibu atazieleza katika ukurasa unaofuata, nasi tunawasihi msiugeuze upesi.